Kuhama Mfumo wa Simu Katika Ukanda wa Dhahabu: Ufunguo Uko kwa Nani?

Mada kwa mafundi simu, mawakala wa fedha na viongozi wa vikundi vya wachimbaji wadogo, Kahama



Nimeombwa nieleze faida na hasara za kuhama kutoka mfumo mmoja wa simu janja kwenda mwingine. Kwa huku kwetu maana yake ni kutoka Android, yaani Tecno, itel, Infinix, Samsung na nyinginezo, kwenda iPhone, au kurudi. Swali linaloulizwa kibandani kila siku ni "ipi nzuri?" Nitalijibu kabla sijakaa. Lakini naona watu wa ukanda huu wanaumia zaidi kwa swali wasilouliza: vitu vyangu vinakaa wapi, na ufunguo wake uko kwa nani?

Nianze na fedha, kwa sababu ndizo zinazowatia watu hofu. M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008, na hadi leo anayepiga *150*00# hahitaji simu janja. Salio limeandikwa kwenye kumbukumbu za kampuni ya simu kwa namba yako. Halimo ndani ya Android wala ndani ya iPhone. Mwenye kitochi na mwenye iPhone wanaletewa menyu ileile. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole, ambao ukomo wake ulikuwa Januari 20, 2020, laini imefungamanishwa na namba ya NIDA na kidole cha mwenyewe, na ikipotea ni kidole hicho kinachoirudisha. Anayeogopa kwamba akibadili simu atapoteza salio, atulie.

Hofu yake aipeleke kwenye jambo jingine. Machimboni tuna watu wengi wanaotumia laini ya shemeji, ya bosi, au ya rafiki aliyekwisha hamia Chunya. Laini ikiwa ya mtu mwingine, kila kitu kilichojengwa juu yake ni cha mtu mwingine, kuanzia salio, WhatsApp, hadi zile namba za uthibitisho zinazotumwa kwa ujumbe mfupi unapofungua akaunti kwenye simu mpya. Piga *106# ujue laini zipi zimesajiliwa kwa jina lako. Kama unayoitumia haimo, usihame mfumo wowote mpaka umelimaliza hilo kwanza.

Akaunti iliyofunguliwa dukani

Sasa nifike penye kiini cha mada yangu. Simu ya Android ikitoka kwenye boksi inaomba akaunti ya Google. Mteja hana, au hajui. Muuzaji ana haraka, foleni ni ndefu, basi anamfungulia palepale: jina analolijua yeye, nywila anayoijua yeye, wakati mwingine nywila moja kwa wateja wote wa siku hiyo. Mteja anaondoka na furaha yake. Simu inafanya kazi mwaka mzima, na katika mwaka huo picha, namba za watu na chelezo ya WhatsApp vinajipanga taratibu ndani ya akaunti ambayo mwenyewe hajui hata inaitwaje.

Siku anapotaka kuhamia iPhone ndipo anapogundua. Namba za simu zilizohifadhiwa Google zinaweza kuingia kwenye iPhone kwa dakika chache, kwa sharti la kuwa na akaunti na nywila. Asiyekuwa nayo anabaki kunakili namba mojamoja kwenye daftari, au anakata tamaa na kuanza upya. Na anayerudi kutoka iPhone kuja Android anakumbana na jambo hilohilo kwa jina jingine, yaani akaunti ya Apple iliyofunguliwa na aliyemuuzia simu.

Mafundi wenzangu, hapa nasema nanyi kwa moyo wote. Tunaona kama tunamsaidia mteja, kumbe tumebaki na ufunguo wa nyumba yake. Akaunti ifunguliwe na mteja mwenyewe, kwa vidole vyake, hata kama itachukua nusu saa. Asiyejua kuandika aje na mtoto wake au ndugu anayemwamini. Nywila iandikwe kwenye karatasi akaiweke anapoweka leseni yake au kitambulisho chake. Isiandikwe kwenye daftari la fundi. Namba ya simu ya kurejesha akaunti iwe ya laini iliyo kwa jina lake.

WhatsApp na mambo ya duara

Mtu wa mjini akipoteza mazungumzo ya WhatsApp anasikitika. Mchimbaji anaweza kupoteza mali. Ninyi mnaotoka Nyarugusu, Mgusu na Lwamgasa mnajua makubaliano ya duara, yaani shimo la kuchimbia, yanavyofanyika siku hizi: mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji wanakubaliana mgawo wa mifuko ya mawe kwa ujumbe wa sauti, mara nyingi kwa Kisukuma, picha ya ukurasa wa daftari inatumwa kwenye kundi, anayenunua mafuta ya jenereta anatuma picha ya risiti. Mzozo ukitokea, watu wanafungua simu. Ushahidi uko humo, na hakuna nakala nyingine.

Basi lazima tujue hili: chelezo ya WhatsApp ya Android inakaa Google, ya iPhone inakaa iCloud, na moja haisomeki upande wa pili. Anayefuta Android yake akitegemea kuikuta chelezo kwenye iPhone hataikuta. Njia ya kuhamisha ipo. Tangu 2022 WhatsApp inaruhusu mazungumzo yatoke Android kwenda iPhone kwa kutumia programu ya Apple iitwayo Move to iOS. Masharti yake yanatuhusu sana sisi: iPhone iwe mpya au iliyofutwa kabisa, namba ya simu iwe ileile, simu zote mbili ziwe kwenye umeme, na ziwe kwenye Wi-Fi moja, au Android iunganishwe na hotspoti ya iPhone. Data hupita kati ya simu na simu, kwa hiyo bando haliliwi sana, ila muda na umeme unahitajika. Kazi hii isifanyiwe kambini kwenye sola ya kuchajia kwa zamu. Njoo nayo mjini, kaa mpaka iishe.

Kurudi kutoka iPhone kuja Android ni kugumu zaidi. Njia hiyo ilianza 2021 kwa Samsung, kisha ikafika Pixel za Google na simu zenye Android 12, na inataka waya wa kuunganisha simu mbili. Mwenye Android ya zamani asidanganywe kwamba inawezekana.

Mchimbaji anayehama duara anachukua moko na nyundo yake, lakini matimba aliyoyapigilia chini yanabaki hukohuko. Programu ulizozilipia Google Play ni matimba hayo: hazihami kwenda App Store, utazilipia tena. Picha, namba za watu na kalenda ni moko na nyundo, vinabebeka. Na memori kadi? iPhone haina pa kuichomeka. Kwa ukanda huu hilo ni jambo kubwa, maana vijana wengi nyimbo zao, za Bongo Fleva na za ngoma za Kisukuma, zimewekwa vibandani kwenye kadi. Wala iPhone haipokei wimbo au video kwa Bluetooth kutoka Tecno ya jirani. Inabidi kutumia programu nyingine au kutuma kwa bando.

Faida ambazo sitazificha

Nisionekane naipiga vita iPhone. Ina mambo mawili yenye uzito.

Kwanza umri wa mfumo. Apple huendelea kuzipa simu zake matoleo mapya kwa miaka mingi. iPhone 6s ya mwaka 2015 ilifika hadi iOS 15, iliyotoka 2021. Android za bei nafuu zinazojaa Katoro na Kahama nyingi hubaki na toleo lilelile zilizonunuliwa nalo, au zikapata moja tu. Kwa mtu anayefanya shughuli za benki kwenye simu, matoleo mapya ndiyo yanayoziba matundu ambayo wezi hupitia. Samsung na Google nao siku hizi wanaahidi hadi miaka 7 kwa simu zao za juu, lakini hizo bei yake ni ya iPhone.

La pili linanigusa zaidi: mikopo ya mtandaoni, dada yake kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Mnajua zinavyofanya kazi. Ukiipakua inaomba ruhusa ya kusoma namba zote za watu kwenye simu, na ukichelewa kulipa, mkwe wako, mchungaji wako na mwenye duara wanapigiwa na kutumiwa ujumbe wa kukudhalilisha. Android inakubali programu itumwe kama faili kwa WhatsApp na isakinishwe nje ya duka rasmi. iPhone kwa kawaida inakataa. Ukaidi huo wa iPhone, unaowakera vijana, ungewakinga akina mama wengi niliowasikiliza. Hata hivyo kinga hiyo unaweza kuipata ukibaki Android: usisakinishe faili lililotumwa, na programu ikiomba kusoma majina na haina sababu, ikatalie.

Upande wa pili wa mizani kuna chaji, kioo na lugha. Simu nyingi za Tecno na Infinix zina betri ya mAh 5000. iPhone 11 ina mAh 3110. Anayeingia zamu ya usiku na kutoka asubuhi anaijua tofauti hiyo. Kioo cha Tecno kikipasuka Katoro utakipata palepale. Cha iPhone mara nyingi kinaagizwa Mwanza au Dar es Salaam, na kuanzia iPhone 11 simu yenyewe inakutangazia kwamba kioo kilichobadilishwa si cha asili, hivyo bei ya kuiuza inashuka. Android unaweza kuigeuza menyu zote kuwa Kiswahili. iPhone nilizozishika mimi hazikunipa nafasi hiyo. Na laini: huku mtandao mmoja unashika kilimani na mwingine unashika bondeni, watu wanatembea na laini mbili. iPhone za kabla ya 2018 zinapokea laini moja tu.

Kwa hiyo jibu langu la "ipi nzuri?" ni hili. Kwa mchimbaji, mkulima wa pamba wa Kishapu na mama lishe wa machimboni, kuhamia iPhone hakuna faida inayolingana na gharama yake. Abaki Android, achukue yenye toleo jipya zaidi analoliweza. Kwa dalali wa dhahabu au mfanyabiashara anayekaa mjini, mwenye umeme na fedha za kununua iPhone isiyo ya zamani mno, kuhama ni uamuzi wa busara. Ninachokikataa kabisa ni kununua iPhone kuukuu kwa ajili ya jina. Tangu Mei 5, 2025 WhatsApp haifanyi kazi kwenye iPhone 5s na 6. Kijana aliyeuza Android nzima akanunua hiyo amenunua kamera.

Wakati mwingine hatuhami sisi, mfumo ndio unaotuhama. WhatsApp iliziacha BlackBerry za zamani mwishoni mwa 2017, Nokia za S40 mwishoni mwa 2018 na Windows Phone mwishoni mwa 2019. Mwaka huohuo wa 2019 Smart Kitochi ya Vodacom iliingia na mfumo wa KaiOS, simu ya vitufe yenye intaneti, na wengi tuliifurahia kwa ajili ya wazee. Mwaka 2025 WhatsApp ikaiacha nayo. Wazee wale hawakupewa nauli ya kuhama. Ujumbe wa sauti wa watoto wao walioko mbali ulibaki ndani ya simu, na sisi mafundi ndio tuliopaswa kuwaeleza mapema.

Simu ya mkono wa pili

Kuhama kwa wengi huanza na kuuza simu moja ili kununua nyingine iliyokwisha tumika, na hapo ndipo kufuli mbili zinapofanya kazi. Apple iliweka yake mwaka 2013, Google ikafuata 2015: simu ikifutwa kwa nguvu, inadai akaunti ya mwenye simu wa awali. Kufuli hizi ni nzuri, zimepunguza thamani ya simu ya wizi. Lakini simu halali iliyofunguliwa kwa akaunti ya dukani inageuka kuwa ya wizi mbele ya mfumo, na mwenye mali hana namna ya kujitetea. Pia simu za mkopo zina kufuli ya mkopeshaji, na huwezi kuzihama kabla deni halijaisha.

Kwa hiyo wewe unayenunua, kabla ya kutoa fedha, hakikisha muuzaji anaondoa akaunti yake mwenyewe kwenye mipangilio na anaifuta simu mbele yako, kisha uiwashe mpaka ifike kwenye skrini ya kwanza bila kudai akaunti ya mtu. Piga *#06# ulinganishe namba ya IMEI na ya kwenye boksi. Mnakumbuka Juni 2016 simu feki zilivyozimwa na TCRA nchi nzima kwa kutumia namba hizo. Risiti iandikwe IMEI hiyo na jina la muuzaji. Mafundi tukikataa kupokea simu isiyopita hatua hizi, hapa Kahama na Katoro peke yake, biashara ya simu zilizofungwa itakosa pa kupumulia.

Nawaomba viongozi wa vikundi waliopo wapitishe leo azimio moja: makubaliano ya mgawo yaandikwe pia kwenye karatasi na kusainiwa na pande zote, na simu ya katibu isibadilishwe wala kuuzwa kabla mazungumzo ya kundi hayajahamishwa na kuhakikiwa na wajumbe wawili. Fomu nimeziandaa, ziko mezani kwa Mwenyekiti.