Je, Vitabu Vikuu Huongeza Akili?



Wako wadhanio ya kuwa asomaye vitabu vikuu, kama Julius Caesar ya Shakespeare, ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri mwaka 1963, huwa na akili kuliko jirani yake. Neno hili lafaa lipimwe.

Mwaka 1981 Sylvia Scribner na Michael Cole walitoa kitabu juu ya Wavai wa Liberia, wenye maandishi yao wasiyofundishwa shuleni. Waliona kwamba kujua kusoma peke yake hakukuongeza akili kwa jumla. Kulimzoeza mtu kazi zile tu azifanyazo kwa maandishi. Tena mwaka 2013 wataalamu wawili walisema kwamba hadithi bora humsaidia msomaji kutambua mioyo ya wengine. Lakini mwaka 2016 wenzao waliojaribu tena hawakuona hivyo.

Wala wazee wa Njuri Ncheke hawakungoja vitabu ndipo waamue mashauri.

Basi kitabu chafaa nini? Humpa mtu maneno, na habari za watu asioweza kuwafikia kwa miguu. Mzazi auzaye miraa ili mwanawe apate vitabu hapotezi fedha. Lakini mtoto arudiye nyumbani akamdharau babaye asiyesoma, huyo hajafaidi alichosoma.