Somo la Gerezani: Confucius, Njia na Kifo

Makamu Mkuu wa Chuo, wanataaluma wenzangu, wanafunzi wetu, mabibi na mabwana,

Msemo nilioombwa kuuzungumzia jioni hii ni mfupi kuliko salamu nilizowapa sasa hivi. Kwa Kichina cha kale una herufi saba tu. Umo katika kitabu cha nne kati ya vile ishirini vinavyounda Mazungumzo ya Confucius, na unasema kwamba mtu akiisikia Njia asubuhi, akifa jioni hakuna neno. Umekwisha hapo. Penginepo katika Mazungumzo yupo mwanafunzi anayeuliza, au mtawala anayetaka ushauri, na msomaji anajua kwa nini Mwalimu amesema alichosema. Hapa hatuambiwi alikuwa na umri gani, alikuwa anamjibu nani, wala kama alisema kwa furaha au kwa uchungu. Nafasi hiyo tupu ndiyo imewapa wafafanuzi kazi tangu enzi za kale hadi leo.

Kwetu jina lake limezoeleka kupitia taasisi za kufundisha Kichina: ya kwanza barani Afrika ilifunguliwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikapata yake mwaka 2013. Jina tunalisoma mlangoni, mwenyewe hatumjui sana. Kwa mapokeo alizaliwa mwaka 551 KK katika dola ndogo ya Lu, kwenye mji unaoitwa leo Qufu, mkoa wa Shandong, akafariki mwaka 479 KK. Alitamani apewe madaraka ya kuunyoosha utawala, akapata kidogo, kisha akatumia miaka mingi akizunguka kutoka dola moja hadi nyingine akitafuta mtawala wa kumsikiliza. Hakumpata. Alirudi kwao akiwa mzee, akaendelea kufundisha.

Mtu huyo hakuwa mpenzi wa kifo. Nalisema hili mapema kwa sababu msemo wetu ukisomwa peke yake unasikika kama kauli ya shujaa anayekwenda kunyongwa huku anatabasamu, na wapo wanaoupenda kwa sababu hiyo hiyo. Lakini Yan Hui, mwanafunzi wake kipenzi, alipofariki mapema, Confucius alilia hadi waliokuwa naye wakamwambia amepita kiasi. Naye Zilu, mwanafunzi jasiri asiye na subira, alipomuuliza habari za kifo, alijibiwa kwamba uhai wenyewe hajauelewa bado, kifo atakielewaje. Mwalimu anayeufunga mjadala namna hiyo hatuambii kwamba kufa ni jambo dogo. Kuna kitu kingine anachokipima.

Ugumu wenyewe ni huu. Njia ya Confucius si siri ya kunong'onezwa sikioni. Ni namna ya kukaa na wazazi, ndugu, jirani na mtawala. Namna ya kuomboleza, ya kula mezani pa watu, ya kutoza kodi bila kuwakamua wakulima. Mambo hayo yote yanataka muda. Huwezi kuwa mtoto mwema kwa mama yako kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni ukahesabiwa kwamba umemaliza. Ingekuwa kauli ya mtawa aliyejifungia mlimani akingoja kufunuliwa, tungeipokea bila shida. Inakuwaje basi mwalimu wa mambo ya kila siku atuambie kwamba siku moja inatosha?

He Yan, mwanazuoni na mwanasiasa aliyeuawa mwaka 249 BK, alikuwa na jibu. Kwake yeye huu ni msemo wa huzuni. Confucius, anatueleza, alikuwa anakaribia kufa bila kupata habari kwamba dunia imerudi katika Njia. Kinachosikiwa asubuhi, kwa usomaji huu, ni habari njema kutoka nje: vita vimekoma, watawala wamenyooka, watu wanaishi kwa haki. Mzee akipata habari kama hizo anaweza kufumba macho jioni bila kinyongo. Ushahidi wa kumuunga mkono upo. Katika Mazungumzo hayo hayo Confucius analalamika kwamba ndege wa heri haji, na kwamba siku nyingi zimepita hajamwota Mtemi wa Zhou, kiongozi wa kale aliyemhusudu kuliko wote. Tukumbuke pia maisha ya He Yan mwenyewe. Ukoo wa kifalme wa Han ulikwisha kuanguka mwaka 220, China ikawa vipande vitatu, naye akauawa pamoja na kundi lake katika mapinduzi ya kijeshi. Mtu aliyeishi hivyo alikuwa na haki ya kusikia kilio mahali ambapo wengine wamesikia utulivu.

Hata hivyo sikubaliani naye. Msemo unaofuata moja kwa moja katika kitabu kile unamzungumzia msomi anayedai ameielekeza nia yake kwenye Njia ilhali anaona haya kuvaa nguo duni na kula chakula duni. Mtu huyo, anasema Mwalimu, hafai hata kuzungumza naye. Hapo suala ni moyo wa mtu mmoja, wala si habari kutoka mji mkuu. Najua mpangilio wa misemo ulifanywa na wengine baada yake, kwa hiyo hoja yangu si ya kufunga kesi. Lakini walioiweka misemo hiyo miwili jirani walikuwa karibu naye kuliko He Yan, na karibu zaidi kuliko sisi.

Usomaji uliotawala baadaye ni wa Zhu Xi, aliyeishi kati ya 1130 na 1200. Anafafanua Njia kuwa ni kanuni ya jinsi mambo yanavyopaswa kuwa. Aliyeisikia anaishi bila mkwamo na kufa kwa amani, habakishi majuto. Asubuhi na jioni zimetajwa ili kuonyesha ufupi wa muda. Tena Zhu Xi, akifafanua kitabu kingine, anasema uelewa huo huja baada ya juhudi ya muda mrefu, mpaka siku moja mambo yote yanafunguka kwa pamoja. Kwa hiyo asubuhi hiyo ina miaka mingi nyuma yake. Hili linaafikiana na Confucius anavyojieleza: alianza kukaza nia ya kujifunza akiwa na miaka 15, akapanda hatua kwa hatua hadi alipofika 70. Ni jibu zuri. Lina hitilafu moja: linamwacha mtu peke yake na moyo wake, na kifo chake kinakuwa kimya mno. Isitoshe, kuanzia mwaka 1313 ufafanuzi wa Zhu Xi ulifanywa msingi wa mitihani ya utumishi serikalini, na mfumo wa mitihani ukadumu hadi 1905. Vijana wengi waliukariri msemo huu wakiwa na nia ya kupata cheo, si ya kufa jioni.

Ufafanuzi ninaoutegemea mimi haukuandikwa na mfafanuzi. Ulitolewa gerezani, zaidi ya miaka mia mbili na hamsini kabla ya He Yan kuandika wake, na mwanahistoria Ban Gu ameuhifadhi katika historia yake ya ukoo wa Han.

Mwaka 72 KK Mfalme Xuan, kijana aliyekuwa amekalia kiti kwa miaka miwili tu, alitoa amri kwamba baba wa babu yake, Mfalme Wu, atukuzwe hekaluni kwa muziki na ngoma. Maofisa wote walikubali. Aliyekataa ni mmoja, Xiahou Sheng, mwalimu wa Shangshu, kitabu cha hotuba na nyaraka za wafalme wa kale. Alisema Mfalme Wu alipanua mipaka, ndiyo, lakini aliua askari wengi, alimaliza mali ya wananchi, idadi ya watu ikapungua kwa nusu, na raia hakuwaachia jema lolote, hastahili muziki. Wenzake wakamkumbusha kwamba hii ni amri ya mfalme. Akajibu kwamba amri au si amri, haifai kufuatwa. Ameshasema, na akifa hajuti. Waziri mkuu na msaidizi wake wakamfungulia mashtaka. Karani mkuu katika ofisi ya waziri mkuu, Huang Ba, aliyajua maneno ya Sheng tangu mwanzo na hakumshtaki. Kwa kosa hilo akakamatwa naye. Wote wawili wakawekwa ndani wakiwa na hatia ya kifo.

Humo gerezani Huang Ba akamwomba Sheng amfundishe Shangshu. Sheng akakataa, akisema wao ni watu wa kufa. Huang Ba akamjibu kwa msemo wetu. Sheng akapendezwa na jibu hilo, akaanza kumfundisha. Ban Gu anasema yalipita majira mawili ya baridi na masomo hayakulegea. Wasomaji wa zamani wa historia hiyo hawakuhitaji kuelezwa uzito wa neno baridi: kwa desturi ya Han, hukumu za kifo zilitekelezwa majira hayo. Kila baridi ilipoingia, wangeweza kuitwa.

Angalieni Huang Ba aliutumia msemo kufanya nini. Hakuutamka mbele ya mnyongaji. Hakudai kwamba haogopi. Alikuwa anaomba darasa. Kilichosimama mbele yake ni kisingizio cha mwalimu wake, na kisingizio hicho tunakifahamu sote: elimu ya nini tena, siku zimekwisha. Msemo unakiondoa kisingizio hicho na kuishia hapo. Ndivyo ninavyolielewa swali la siku moja. Confucius hadai kwamba Njia inakamilishwa kati ya asubuhi na jioni. Anakataa tu thamani ya somo isikadiriwe kwa muda uliobaki wa kulitumia. Sisi tuna hesabu ya namna hiyo hata vyuoni: mzee wa miaka sabini akijiandikisha shahada, swali la kwanza anaulizwa ataifanyia kazi wapi.

Kuna simulizi jingine la Han. Liu Xiang, aliyeishi kati ya 77 na 6 KK, anamtaja Mfalme Gong wa dola ya Chu aliyekuwa mgonjwa mahututi. Alikuwa na mtumishi aliyemkosoa daima, ambaye mfalme hakufurahia kukaa naye, na mwingine aliyemdekeza kwa kila alichokitaka. Kitandani akakiri kwamba wa kwanza alimfaa na wa pili alimharibu. Akaagiza yule apandishwe cheo na huyu afukuzwe. Kesho yake akafa, na waziri akatekeleza. Liu Xiang anautaja msemo wetu hapo, akisema afadhali hivyo kuliko kufa bila kuamka. Sawa, afadhali. Lakini mfalme alimweka yule mbembelezi karibu naye hadi saa ambayo kumfukuza hakukumgharimu kitu. Nikilinganisha, naona Huang Ba aliulipia msemo na Mfalme Gong aliupata bure.

Na gharama ni jambo la msingi. Mazungumzo yanasema kwamba Zilu, akiwa amesikia jambo na hajaweza bado kulitenda, aliogopa kusikia jingine. Kwa watu hawa kusikia kulikuwa deni. Hapo anaweza kusimama mwanafunzi mmoja wenu akaniuliza: Huang Ba aliye gerezani angetenda nini? Jibu langu ni kwamba alikuwa ameshatenda. Alinyamaza pale ambapo kumshtaki Sheng kungemwokoa. Alipoomba somo la kwanza, sehemu kubwa ya somo alikuwa nayo tayari, na alichotafuta kwa Sheng ni maneno ya wazee waliokuwa wamepita katika Njia hiyo kabla yake. Kwa mtu kama yeye asubuhi ilianza siku aliyokataa kumshtaki mwenzake.

Hawakunyongwa. Mwaka 70 KK tetemeko la ardhi liliikumba mikoa 49, milima ikaporomoka, watu zaidi ya 6,000 wakafa. Mfalme alilichukulia kuwa onyo la mbingu, akatoa msamaha, nao wakatoka. Ban Gu anaeleza hayo kwa sentensi chache na kuendelea, bila kutuuliza tunajisikiaje kwamba vifo vya maelfu ndivyo vilivyowafungulia mlango hawa wawili.

Maisha yaliyofuata hayana mng'ao wa watakatifu. Huang Ba alikuwa gavana hodari sana wa Yingchuan, na mwaka 55 KK akafanywa waziri mkuu, kazi ambayo, kwa hukumu ya Ban Gu, ilimpunguzia sifa. Siku moja ndege wa nyumbani kwa Zhang Chang, gavana wa mji mkuu, walirukia ofisini kwa Huang Ba. Akadhani ni ndege wa heri walioshushwa na mbingu, akaanza kushauriana na wenzake wapeleke taarifa kwa mfalme. Zhang Chang akaandika barua kueleza ndege hao wametoka wapi, na waziri mkuu akaona haya. Tulioambiwa na Zhu Xi kwamba aliyeisikia Njia haachi majuto inabidi tumweke Huang Ba na ndege wake katika hesabu hiyo.

Xiahou Sheng naye alipewa kazi ya kumshauri mfalme yule yule aliyemfunga. Alikuwa mtu asiye na madaha, akisahau hata taratibu za kumwita mfalme. Siku moja alitoka kwenye mazungumzo ya faragha akawasimulia watu mfalme alichosema. Mfalme akasikia, akamkaripia. Sheng akajibu kwamba maneno yalikuwa mema, ndiyo maana ameyatangaza. Maneno ya mfalme wa kale Yao yanasomwa hadi leo kwa sababu yalienezwa, naye ameona haya yanafaa kupitishwa, akayapitisha. Tangu hapo, kila palipokuwa na mjadala mkubwa barazani, mfalme alimwambia aseme wazi na asitishwe na yaliyopita. Alifariki akiwa kazini, na umri wa miaka 90, akiwa mwalimu wa mrithi wa kiti.