Kalibu Moja, Majengo Mengi: Kwa Nini Tovuti Yetu Inafanana na za Wengine

(Mada iliyowasilishwa na Ofisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa wananchi wa kata)



Ofisi yangu huulizwa mara kwa mara: “Mbona tovuti ya halmashauri yetu imefanana kabisa na ya jirani zetu? Je, tumelipia kitu cha kunakili?” Swali hilo ni la haki, kwa kuwa fedha za umma ni zenu.

Anayefyatua matofali hutumia kalibu moja. Matofali hayohayo hujenga zahanati, darasa na nyumba ya mwalimu. Tovuti zetu zimejengwa hivyohivyo. Mwaka 2017, tovuti za mikoa 26 na halmashauri 185 zilizinduliwa kwa pamoja, zikiwa zimejengwa juu ya mfumo mmoja wa Wakala ya Serikali Mtandao, ambayo leo ni Mamlaka. Sehemu za Habari, Matangazo, Miradi na Wasiliana Nasi zilitengenezwa mara moja. Kila halmashauri ikazipokea na kuzijaza kwa mambo yake.

Malipo nayo yamefuata njia hiyo. Ukilipia leseni ya biashara hapa, au ankara ya maji kwa mamlaka ya maji, unapewa kumbukumbu namba ya malipo. Ofisi ni mbili, lakini njia inayopitisha malipo ni moja: Mfumo wa Kielektroniki wa Malipo ya Serikali. Halmashauri haikulazimika kubuni wa kwake, na mwananchi aliyejifunza kulipa mara moja hahitaji kufundishwa upya.

Hata hivyo, kalibu ikipinda, kila tofali hupinda. Mfumo wa pamoja ukikwama, hukwama kwa wengi kwa wakati mmoja, na mtaalamu wetu wa TEHAMA hawezi kuunyoosha peke yake. Lakini ukirekebishwa, hurekebishwa kwa wote.

Lipo jambo moja ambalo mfumo hauwezi kutufanyia. Kalibu haijengi nyumba. Tangazo la mikopo ya asilimia 10 kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu likiwekwa baada ya muda wa maombi kupita, kikundi kimekosa nafasi. Hapo hakuna wa kulaumu mtambo, maana sehemu ya Matangazo ilikuwa tayari ikisubiri. Sisi watumishi ndio tuliochelewa. Vivyo hivyo, namba ya simu iliyokwisha kubadilika ikiachwa pale, mzee hupiga asipokelewe, akalazimika kutumia nauli kuja makao makuu kuuliza jambo la dakika mbili.

Kwa hiyo, ndugu wananchi, msitupime kwa kufanana kwa tovuti, kwani kufanana huko kumepunguza gharama. Tupimeni kwa yaliyomo: Je, tangazo ni la sasa? Je, namba inapokelewa? Mkikuta kasoro, mwambieni Mtendaji wa Kata, naye aifikishe kwetu. Na kwa asiye na simu ya intaneti, tangazo hilohilo linapaswa kubandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata. Lisipokuwepo, ulizeni.

Matofali tumekwisha kupewa. Kujenga ni wajibu wetu. Kukagua ni haki yenu.