Mali ya Uchina na Jasho la Wafanya Kazi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Mara nyingi tukikaa na matajiri kuzungumza habari ya mishahara, twaambiwa: "Tazameni Uchina. Wameendelea kwa kuwa hawana migomo." Leo tumeona vema tuyapime maneno hayo.

Kwanza tukubali yaliyo kweli. Uchina ilikuwa nchi ya wakulima maskini. Mwishoni mwa mwaka 1978 viongozi wake, Bwana Deng Xiaoping akiwa mbele, waligeuza mwendo. Katika miaka iliyofuata kila jamaa ya wakulima iliruhusiwa kuuza mazao yake baada ya kuipa serikali fungu lake. Mwaka 1980 mji wa Shenzhen, jirani na Hong Kong, ulifunguliwa ili wageni walete mitaji na kujenga viwanda. Mwaka 2001 Uchina iliingia katika Shirika la Biashara Duniani, na mwaka 2010 ikaipita Japani, ikawa ya pili kwa uchumi baada ya Marekani. Katika muda wa miaka 40 watu karibu milioni 800 walitoka katika ufukara mkubwa. Si jambo dogo hilo, wala hatulidharau.

Lakini mali hiyo ilijengwa na nani? Ilijengwa na wafanya kazi, na wengi wao walitoka mashambani. Tangu mwaka 1958 kila Mchina huandikishwa kwao kwa hati iitwayo hukou. Mtu wa shamba akienda kufanya kazi mjini, huhesabiwa mgeni, na ni vigumu watoto wake kupata shule kama wenyeji. Masharti yamelegezwa katika miji mingi, lakini katika miji mikubwa kabisa bado ni magumu. Sisi ambao wazee wetu walivaa kipande shingoni twajua uzito wa karatasi ya namna hiyo.

Na chama je? Kinachoruhusiwa ni kimoja tu, nacho kiko chini ya chama kinachotawala. Haki ya kugoma iliondolewa katika katiba mwaka 1982. Hata hivyo si kweli kwamba Wachina hawagomi. Mwezi wa Mei 2010, katika kiwanda cha vipuri vya magari ya Honda mjini Foshan, wafanya kazi waliweka vyombo chini. Viwanda vingine vya kampuni hiyo nchini vikasimama kwa kukosa vipuri. Watu wa chama cha mahali hapo walikuja kuwashurutisha warudi kazini, hata pakatokea mapigano. Vijana wale hawakuacha kudai mpaka mshahara ulipoongezwa, tena wakadai wawachague wenyewe wajumbe wao.

Ndugu, sikilizeni sana hapa. Katika mapato ya nchi hiyo, matumizi ya watu nyumbani mwao ni karibu sehemu mbili tu katika tano. Mtu asiyelipwa vya kutosha hawezi kununua anachokitengeneza. Basi viwanda hutegemea wanunuzi wa ng'ambo, na fedha nyingi zikaingizwa katika kujenga nyumba kwa mikopo. Mwaka 2021 kampuni kubwa ya nyumba, Evergrande, ilishindwa kulipa madeni yake, na mwaka 2024 mahakama ya Hong Kong iliamuru ivunjwe. Watu waliokwisha kulipia nyumba walibaki wakingoja. Tangu mwaka 2022 hesabu ya watu nayo yapungua. Mwezi wa Juni 2023, katika vijana wa mijini waliotafuta kazi, zaidi ya mmoja katika watano hakuipata.

Hatusemi kwamba shida zote hizo zatokana na mshahara mdogo. Twasema kwamba mali isiyogawanywa vema humrudia hata aliyeilimbikiza.

Kwa hiyo siku nyingine mezani tukiambiwa, "Tazameni Uchina," tusinyamaze wala tusikasirike. Tujibu kwa adabu: "Tumetazama, Bwana. Tumeona kazi yao na tumeona fungu lao. Sasa tuzungumze habari ya fungu letu."

Umoja ni nguvu.