Bei Ikisubiri Michoro: Sanifu-Jenga ya Hatua kwa Hatua kwa Wenye Majengo na Wabunifu Majengo



Njia mbili za kutekeleza mradi tumezizoea. Katika ya kwanza, mbunifu majengo anamaliza michoro, mkadiriaji majenzi anaandaa mchanganuo wa kazi, zabuni inatangazwa, na mkandarasi anaingia akiwa mgeni kabisa. Katika ya pili, ya sanifu-jenga, mkandarasi na wasanifu wake wanabeba mkataba mmoja. Ndivyo ilivyojengwa reli ya kisasa ya Dar es Salaam hadi Morogoro, ambayo mkataba wake ulisainiwa mwaka 2017, na ndiyo kazi ya Kitabu cha Njano cha FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri. Njia zote mbili zinataka bei ya ujenzi itajwe siku ya zabuni. Mada yangu inahusu njia ya tatu, inayoiacha bei isubiri.

Katika sanifu-jenga ya hatua kwa hatua, mwajiri anachagua timu kwa uwezo wake: kazi ilizokwisha fanya, watu itakaowaleta, namna inavyoendesha makadirio, na asilimia inayodai ya faida na gharama za uendeshaji. Hatua ya kwanza ni ya kusanifu, na inalipwa. Makadirio yanasahihishwa kila michoro inaposonga. Michoro ikishakomaa kiasi cha kuaminika (na hakuna asilimia moja inayofaa kila mradi), timu inaleta bei ya kazi yote, ama ya mkupuo au yenye ukomo usiovukwa. Mwajiri akiikubali, michoro inakamilishwa na ujenzi unaanza. Asipoikubali, wanaachana na analipa kazi iliyofanyika.

Kwa nini mtu akubali kuanza bila bei? Kwa sababu bei ya mapema mara nyingi ni ya kubahatisha. Mzabuni anapewa kurasa chache za mahitaji ya mwajiri na wiki chache za kufikiri. Udongo haujui vizuri, wala hajui kama mwenye hospitali ataongeza chumba cha upasuaji. Basi ama anapandisha bei ajikinge, au anaishusha apate kazi, kisha adai nyongeza baadaye. Mwenye jengo ameuziwa mbuzi kwenye gunia, na muuzaji naye hajamwona mbuzi. Wabunifu majengo nao wanaumia: timu kadhaa zinachora usiku na mchana, na moja tu ndiyo inayolipwa ipasavyo.

Mfano ninaouona unafundisha zaidi ni Jengo la Abiria la 1 la uwanja wa ndege wa San Francisco, Marekani, ambalo sasa linaitwa Harvey Milk. Jengo la zamani lilifunguliwa mwaka 1963. Lilijengwa upya huku ndege na abiria wakiendelea kulitumia. Mageti 9 ya kwanza yalifunguliwa Julai 2019, na sehemu nyingine zikafuata kwa awamu, kwa gharama iliyozidi dola bilioni 2. Kazi iligawanywa katika mikataba miwili: Austin-Webcor pamoja na HKS na Woods Bagot walichukua eneo la kupandia ndege, na Hensel Phelps pamoja na Gensler na Kuth Ranieri wakachukua sehemu ya kati. Mashirika ya ndege yana matakwa yake, ukaguzi wa usalama una wake, na mitambo ya mizigo inadai nafasi yake chini ya sakafu. Nani angeweza kuandika yote hayo kwa ukamilifu kabla ya zabuni? Timu ziliingia mapema, bei zikafuata maamuzi.

Hata huko Marekani hawakuifungulia njia hii ovyo. Sheria ya California iliyoanza kutumika mwaka 2023 iliziruhusu mamlaka za mitaa kuitumia kwa miradi ya maji inayozidi dola milioni 5, na idadi ya miradi ikawekewa kikomo.

Wanaoipigia debe husema sana juu ya ushirikiano. Mimi nauliza: ushindani wa zabuni ukishaondoka, nini kinaizuia bei isipae? Hesabu za wazi zinasaidia, ikiwa kazi za lifti, umeme na vioo zinashindanishwa kwa makandarasi wadogo mbele ya macho ya mwajiri. Mkadiriaji huru wa mwajiri anasaidia zaidi, mradi afanye makadirio yake mwenyewe kutoka michoro ileile, asiletewe tu takwimu za mkandarasi azipigie tiki. Lakini nguvu halisi ya mwajiri ni uwezo wa kuondoka, na uwezo huo hufa kimyakimya. Mkataba hausemi michoro ni ya nani wakiachana, hivyo mwajiri anaondoka mikono mitupu. Au, ili kuokoa muda, anaruhusu kazi za awali: msingi unachimbwa, nondo zinaagizwa, na bei inapofika mkandarasi tayari yuko shimoni na mitambo yake. Nani atamtoa? Kazi za awali zina faida yake, nakubali. Ila zisizidi kile ambacho mkandarasi mwingine anaweza kukipokea na kukiendeleza.

Sasa, wabunifu majengo. Mwaka 1909 chama cha wabunifu majengo wa Marekani, AIA, kilipiga marufuku wanachama wake kufanya ukandarasi, na marufuku hiyo ilidumu hadi mwishoni mwa miaka ya 1970. Hofu ya wazee wale haikuwa ya kipuuzi. Katika njia hii bosi wako ni mkandarasi. Dirisha la bei nafuu litakapovujisha mvua, nani atamwambia mwenye jengo mapema? Mkataba wako uandike kwamba unahudhuria vikao vya mwajiri na maoni yako yanaingia kwenye kumbukumbu. Malipo yako ya hatua ya kwanza yasitegemee kuwapo kwa ya pili. Na timu ikivunjika, mkandarasi asikuzuie kuendelea na mwajiri anayekutaka.

Kwa taasisi za umma nyumbani Tanzania, hata chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023, mkaguzi atauliza bei ilishindanishwa na nani. Jibu liwe kwenye faili: makadirio ya kila hatua, zabuni za makandarasi wadogo, na hesabu za mkadiriaji huru. Ningependa taasisi binafsi zitangulie, hospitali na vyuo hasa. Darasa la ramani iliyokwisha rudiwa mara nyingi halihitaji haya yote.

Rasimu ya mkataba mliyogawiwa inahusu hatua ya kwanza peke yake. Bei ya kununua michoro imeandikwa humo mapema, na ujira wa mkadiriaji huru unatengwa kabla timu haijatafutwa. Naomba tuanze na kifungu cha kuachana, maana ndicho wanasheria wa makandarasi watakachokigusa kwanza.