Kutoka Kongwa Hadi Goma: Vikwazo vya Silaha na Wajibu wa Jirani

Mada iliyowasilishwa kwenye semina, Buigiri, Wilaya ya Chamwino



Ukitoka hapa Buigiri kwa barabara ya Morogoro, ukaiacha barabara kuu pale Mbande, unaingia Kongwa. Huko, palipokuwa na mradi wa karanga wa Waingereza, kuanzia mwaka 1964 Tanzania iliwapa kambi wapigania uhuru wa FRELIMO, ANC, SWAPO, MPLA na ZAPU. Kwa Lisbon na Pretoria hao walikuwa magaidi. Kwetu walikuwa ndugu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama vikwazo vya silaha vinafanya kazi, sisi wa ukanda huu tuna haki ya kuuliza vinamfunga nani na vinamwacha nani.

Tarehe 31 Julai 1963, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliziomba nchi zisiipe Ureno silaha za kukandamizia makoloni. Wiki moja baadaye likaomba hivyo hivyo kuhusu Afrika Kusini. Ombi, si amri. Ufaransa iliendelea kuiuzia Pretoria ndege za Mirage. Ilibidi ipite miaka 14, na mpinga ubaguzi wa rangi Steve Biko afie mikononi mwa polisi, ndipo azimio namba 418 la tarehe 4 Novemba 1977 likafanya katazo hilo kuwa la lazima; mara ya kwanza kwa nchi mwanachama. Katika miaka hiyo makaburu walikwisha kujenga viwanda vyao chini ya Armscor, shirika lao la silaha. Hata hivyo katazo halikuwa bure. Miaka ya 1980, katika vita vya Angola, jeshi lao la anga lilikosa ndege mpya za kukabiliana na MiG-23 za wapinzani wao. Kikwazo kilichochelewa kiliuma, lakini waliokufa wakati kikisubiriwa hawakurudi.

Kongo ni habari nyingine. Azimio namba 1493 la Julai 2003 lilipiga marufuku silaha kwa vikundi vya Ituri na Kivu. Mwaka 2005 marufuku ikaenea nchi nzima, na mwaka 2008 serikali ikaondolewa humo, vikabaki vikundi peke yake. Zaidi ya miaka 20 imepita, na Januari 2025 waasi wa M23 waliingia tena Goma, mji wa Kivu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara kadhaa kwamba kundi hilo linasaidiwa na jeshi la Rwanda, nayo Kigali imekanusha. Wameandika pia jambo ambalo kwangu ni zito zaidi: risasi nyingi za waasi hutoka katika maghala ya jeshi la Kongo lenyewe, nyingine zikitekwa vitani, nyingine zikiuzwa na askari. Hapo azimio la New York halifiki. Panahitajika mtunza ghala mwenye daftari, na askari anayelipwa mshahara wake.

Watanzania tumelipa gharama ya mwanya huo. Tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa pale Semuliki, Beni, nchini Kongo, ilishambuliwa, na vijana wetu wasiopungua 14 wakauawa. Kila risasi iliyopigwa usiku ule ilitengenezwa kiwandani, ikasafirishwa, ikavuka mpaka, na mahali fulani kuna ofisa aliyegonga muhuri au aliyetazama pembeni.

Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ambayo Tanzania iliisaini, inataka kila silaha ndogo iwekewe alama na kumbukumbu zake zitunzwe. Ni kazi isiyo na sifa, na ndiyo ninayoiamini kuliko maazimio. Napendekeza semina hii iwaombe wabunge wetu, ambao wanakutana hapo Dodoma mjini, waidai serikali taarifa ya wazi kila mwaka: silaha ngapi za dola zimewekewa alama, ngapi zimepotea, na mizigo ya silaha inayopitia bandari za Dar es Salaam na Kigoma inakaguliwa na nani hadi inapofika kwa aliyeandikwa kwenye hati.