Sarafu ya Kilwa na Ramani ya Mwanafunzi



Kabla sijafungua mafunzo haya ya ramani za kidijitali, naomba tuitazame sarafu ya shaba ya Kilwa. Ikikaa peke yake kwenye kabati la kioo, mtoto husoma kibandiko, kisha huyo anakwenda zake. Sasa mpe kishikwambi chenye ramani, umwambie atie alama kila mahali sarafu hizo zilikoonekana. Ataanzia Kilwa Kisiwani. Atashuka hadi Great Zimbabwe, ilikopatikana sarafu ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyejenga jumba la Husuni Kubwa. Kisha itambidi avuke Bahari ya Hindi yote mpaka visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, ambako mwaka 1944 askari mmoja aliokota sarafu 5 za Kilwa mchangani. Zilifikaje kule? Wataalamu wanabishana hadi leo. Mwacheni na mtoto aingie katika ubishi huo!

Ndiyo maana nasema mwanafunzi asiletewe ramani iliyokwisha chorwa. Aichore mwenyewe. Hapa Dar es Salaam, kuanzia 2015, wanafunzi wa vyuo na wakazi walipita mitaani katika mradi wa Ramani Huria, wakaingiza mifereji, njia na nyumba kwenye OpenStreetMap, ramani ambayo yeyote anaitumia bure, ili ijulikane mafuriko yatapita wapi. Vijana wetu wanaiweza kazi hii.

Na ipo kazi inayowasubiri. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, urithi wa dunia tangu 1981, yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini kuanzia 2004 hadi 2014, na bahari kula ufukwe ilikuwa mojawapo ya sababu. Wanafunzi wa Kilwa wakipima ufukwe huo kila mwaka kwa simu na kuulinganisha na picha za setilaiti, wataonyesha wenyewe nchi kavu inavyopungua.

Walimu wangu, jambo moja nawasihi: si kila alama iwekwe hadharani. Makaburi na mahali pasipolindwa, waulizeni kwanza wazee wa pale, maana wezi wa mambo ya kale nao wanasoma ramani.

Baada ya kusema hayo, natamka rasmi kwamba mafunzo haya yamefunguliwa.